Maua Ubavuni mwa Shani

Kibeta, Bukoba
25 Februari 2025

Tata Rwekaza, shikamoo.

Dereva Faruku akishakukabidhi barua hii atakukabidhi na mzigo mwingine, nao una miguu minne. Ndiyo, nimemleta Shani. Najua ningekuuliza kwanza, lakini simu husikii, na nikimpigia mkeo, Mama Kokugonza, akupigie kelele sikioni, wewe mwenyewe ulishasema maneno yanakufikia yamepungua nusu. Basi nimeona nikuandikie na kumpakia farasi kwenye Fuso siku hiyo hiyo, ili kama ni kukataa, ukatae ukiwa unamtazama usoni.

Harusi ya Yasmin na Haruni ilikuwa Jumamosi. Bwana harusi alimpanda Shani kutoka msikitini hadi ukumbini, watu wakaacha biashara zao wakasimama barabarani, na mpaka leo picha zinazunguka kwenye simu za Bukoba nzima. Mimi niliyempamba bibi harusi naulizwa habari za farasi kuliko za bibi harusi. Wapo wanaotaka huyo huyo kwa harusi zao baada ya Ramadhani. Marehemu Baba angekuwepo angetembea kifua mbele. Unakumbuka alipomtoa Arusha kwenye lori, watu walisema Jamali kanunua ng'ombe asiye na maziwa.

Sasa Shani amechoka. Nzi wa ziwani wamemsumbua, ametokwa na vipele mbavuni na mapajani, na hizi mvua za ghafla hazimsaidii. Naomba akae kwako, ale majani ya uwanda wa rweya, apate upepo, mpaka Idd. Idd nitamhitaji, maana watoto wanamngoja pale ufukweni, kila mmoja anataka mzunguko wake, na nisipompeleka wazazi wao watanisema. Nimemfunika blanketi kwa ajili ya vumbi la njiani. Usilitoe haraka, mwache nalo kwanza, amelizoea.

Ng'ombe wako hawataambukizwa kitu, hilo ondoa wasiwasi.

Mwanao,
Nuriat Jamali


Muleba
28 Februari 2025

Mwanangu Nuriat,

Marahaba. Mzigo umefika. Kokugonza alipouona unashuka kwenye lori aliuliza huyu atalala wapi, nikamwambia kitandani kwangu, mimi nitahamia zizini. Mpaka leo hajacheka.

Blanketi nimelitoa. Sikukusikiliza, waitu, mwanangu, nisamehe, lakini na wewe nisikilize: lilikuwa limegandia mwilini. Nilililowesha kwa maji ya uvuguvugu sehemu baada ya sehemu ndipo likaachia, na lilipoachia liliondoka na nywele. Chini yake ngozi imevimba na inatoa maji, nywele zimeshikana vibonge, na huku na huku kuna ukijivu uliopakaa, nikadhani alilala kwenye majivu. Ukipeleka mkono, kabla hujamgusa, ngozi inatetemeka na anageuza kichwa kutaka kuuma. Huyu ndiye Shani ambaye watoto wa Kibeta walikuwa wakipita chini ya tumbo lake na yeye anaendelea kula.

Mimi mtu wa ng'ombe. Farasi alikuwa wa baba yako, mimi nilikuwa nakuja kumtazama tu na kumtania rafiki yangu Jamali. Lakini ngozi nimeziona nyingi. Choa kinakuja duara, kikavu, na manyoya yanakatika. Upele wa wadudu unamfanya mnyama ajikune kwenye kila mti mpaka anajichuna. Akiharibiwa na mvua, vidonda vinafuata mgongo, pale maji yanapotuama. Shani mgongo wake mzima, shingo nzima, singa ziko pale pale. Ni mbavu na mapaja tu, huku na huku. Hao nzi wako walichagua vipi pa kuuma?

Niambie, kuna kitu kilimgusa? Dawa, rangi, oili ya gari, chochote kile. Sikuulizi kwa ubaya. Nataka kujua nianzie wapi.

Baba yako,
Rwekaza


Kibeta
3 Machi 2025

Tata, shikamoo.

Ramadhani imeingia, nimefunga, kwa hiyo usitegemee maneno mengi. Hakuna kilichomgusa Shani. Ningejua ningekwambia. Ni nzi, Tata. Ninyi huko juu hamwajui nzi wa ziwani, wakija ni wingu, wanaingia mpaka kwenye chai. Na farasi ngozi yake ni laini, si ya ng'ombe uliyemzoea wewe, kitu kidogo tu kinamvimbisha. Huo ukijivu ni vumbi la banda, sikupata muda wa kufagia wiki ya harusi.

Kama ni wadudu, basi wadudu ndio kazi yako. Mfanyie kama unavyowafanyia ng'ombe wako. Sina haja ya kukufundisha.

Nimempa Faruku tende na sukari kwa Mama Kokugonza. Mwambie tende zisikae kwenye sufuria ya mafuta kama mwaka jana.

Mwanao,
Nuriat


Muleba
7 Machi 2025

Nuriat,

Naandika haraka, Faruku ameacha gari likiunguruma.

Shani hali. Tangu juzi hajatoa kinyesi. Analala, anainuka, anautazama ubavu wake, analala tena. Mimi masikio sina, lakini Kokugonza aliweka lake tumboni mwake akasema kumekuwa kimya kabisa, na tumbo la farasi siku zote linanguruma. Nimemtembeza uwanjani mpaka miguu yangu ikakataa, ndipo nikamtuma mtu kumwita daktari wa mifugo, Nancy Lwakatare. Amekuja na pikipiki, amemwingiza mpira puani akampitishia mafuta tumboni, na amemtundikia dripu kwenye tawi la mbuni.

Aliniuliza farasi amepakwa nini kwenye ngozi. Nikamjibu.

Amesema atakupigia simu akuulize na wewe, maana yeye anaona ngozi na tumbo na hajui kama ni jambo moja au mawili. Akikupigia mwambie yote. Farasi huyu anaweza kutufia.

Rwekaza


Kibeta
8 Machi 2025

Tata,

Daktari amenipigia jana. Nimemjibu.

Ninamwombea Shani kila sala. Faruku amesema nisije sasa, nitawasumbua tu, na mimi naona kweli ningekuja nisimame tu pale. Nawe pumzika, usije ukaanguka kwa ajili ya mnyama. Ukiwa na habari niandikie, ziwe nzuri au ziwe mbaya. Hapana, ziwe nzuri.

Nuriat


Muleba
12 Machi 2025

Mwanangu Nuriat,

Ni mimi Mama Kokugonza. Mzee hajui kama nakuandikia, na ukimjibu usinitaje.

Shani amepona tumbo. Jana asubuhi alitoa kinyesi, mzee akanikimbilia jikoni kuniita nikakione, nami nikaenda nikakitazama na tukashukuru Mungu pale pale. Kwa hiyo futa machozi. Lakini sasa mgonjwa ni mwingine.

Mume wangu alimpulizia Shani dawa ya kupe. Ile ya ng'ombe. Daktari alipomuuliza amempaka nini, alisema hakuna. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo ya maji nikanyamaza, Mungu anisamehe, kwa sababu mke hamwaibishi mume mbele ya binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha Sunday School. Nancy akaondoka akiwa ametibu tumbo peke yake, na dawa ikabaki kwenye ngozi inaendelea kumwingia. Siku iliyofuata Shani alikuwa amelaza kichwa chini hainuki. Hapo nilimwambia mzee, na nilimwambia kwa sauti ambayo hata yeye aliisikia, kwamba ama ataenda yeye kumwambia daktari ama nitaenda mimi. Akaenda. Nancy akarudi, akamwosha Shani mwili mzima kwa sabuni na maji mengi, na ndipo mnyama akaanza kupata nafuu.

Nancy ametuambia na wewe ulimjibu hivyo hivyo kwenye simu, hakuna. Wewe ni sawa, ulikuwa na lipi la kusema, ulikuwa mbali.

Mzee hali vizuri. Anakaa na farasi kutwa. Kanisani Jumapili iliyopita hakwenda mbele kwenye meza ya Bwana, alibaki kwenye benchi na watoto. Anaona aibu kukuandikia. Akikuandikia, mwonee huruma.

Mama yako,
Kokugonza


Muleba
14 Machi 2025

Mwanangu Nuriat,

Kalamu hii nimeishika na kuiweka mara nyingi. Leo sitaiweka.

Aliyetaka kumuua Shani ni mimi. Nilimpulizia dawa ya kupe kwa bomba lile lile la mgongoni, kipimo cha ng'ombe, nikazidisha kidogo kwa kuwa vidonda vilikuwa vingi. Sikumuuliza mtu. Nilijiona nimefuga vya kutosha, nimuulize nani. Jioni yake nikamkuta anasinzia amesimama, nikafurahi, nikamwambia Kokugonza unaona, sasa hawashwi tena, anapumzika. Kumbe matumbo yake ndiyo yalikuwa yanalala. Nancy amenieleza kwamba dawa ile ng'ombe anaivumilia, farasi inamsimamisha utumbo, na watu wa farasi wanalijua hilo, mimi ndiye si mtu wa farasi.

Kisha nikamdanganya daktari. Nilisema hakuna. Neno lenyewe fupi, lilitoka kabla sijaliwaza, na baada ya kutoka nilishindwa kulirudisha. Nilimtazama Nancy anamsukumia mafuta yule mnyama na mimi ninajua anatafuta nini, nikaendelea kushika taa.

Ngozi yote ya mbavuni inatoka vipande vipande. Alikuja kwangu na vipele vya nzi, vingekauka vyenyewe, mimi nikavigeuza vidonda. Baba yako siku zake za mwisho, kwa kuwa alijua sisikii, alinionyesha kwa mikono: akafanya ishara ya kushika hatamu, kisha akakunyooshea wewe kidole, kisha mimi. Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa. Sasa ona nilivyoelewa.

Nina mtamba mmoja, Bihogo, yule mwekundu uliyempenda ulipokuja wakati wa senene. Kwetu mtu akimharibia mwenzake haendi kwake na mdomo tu. Faruku atamleta wiki ijayo. Usimkatae, utaniongezea mzigo.

Nisamehe, mwanangu.

Baba yako,
Rwekaza


Kibeta
18 Machi 2025

Tata yangu mpenzi, shikamoo.

Barua yako imeniliza. Nimeisoma kabla ya futari na baada ya futari.

Nimekusamehe. Nimekusamehe kwa moyo mweupe, na mwezi wenyewe huu ni wa kusameheana. Ulikosea ukitaka kusaidia, na hakuna anayeweza kumlaumu mtu kwa kusaidia. Baba naye angekusamehe, namjua, angekutania mwaka mzima lakini angekusamehe. La daktari lisikusumbue, mtu akishtuka husema lolote. Sote ni binadamu.

Bihogo abaki huko huko, Kibeta sina pa kumweka, nyuma ya nyumba ni migomba ya jirani tu na jirani mwenyewe unamjua. Rudi kanisani, rudi mezani, kula. Sitaki kusikia kwamba hukula kwa ajili ya farasi wangu.

Idd watoto nitawaambia Shani amesafiri. Ngozi ikishapona utanijulisha, kwani wateja wananiuliza na mimi sijui niwajibu nini.

Tusilizungumze tena jambo hili.

Mwanao akupendaye,
Nuriat


Muleba
10 Aprili 2025

Nuriat,

Shani anakula, anakimbia, na jana alimpiga teke mbwa wa jirani yetu Lameki, kwa hiyo ni mzima.

Magamba ya mbavuni yameanguka. Yalianza kuachia baada ya Idd, Nancy akasema tusiyabandue, tumwoshe kwa maji tu, tumweke kivulini na tuyaache yaanguke yenyewe. Jumanne Kokugonza alikuwa anamwosha akaniita. Macho yangu kwa mbali hayafai, nikasogea, nikamzunguka. Kisha nikamwambia Kokugonza alete kiti.

Kwenye paja la kushoto kuna ua. Lina majani yake na shina linalopanda mpaka karibu na kiuno. Kwenye paja la kulia kuna ua jingine, si zuri sana, nadhani alikuwa hatulii. Ubavuni upande mmoja kuna herufi Y, ina mkia uliokunjwa kwa ustadi. Upande wa pili kuna H. Ngozi ya humo ni tupu, ya waridi, na pembeni yake nywele ni nzima. Yaani mtu angeweza kupitisha kidole akafuata mstari toka mwanzo hadi mwisho, nami nilipitisha.

Nancy alikuja akatazama muda mrefu. Akaniuliza kama huko Bukoba siku hizi wanawapaka farasi piko. Nikamwambia piko sikijui. Akanieleza ni ile hina nyeusi ya unga ya maharusi, na kwamba yeye mwenyewe alipakwa kwenye harusi ya rafiki yake mikono ikavimba akalala ameiinua juu. Akasema huu ni mzio, ulianza kabla ya dawa yangu, na angeambiwa mapema angemchoma sindano moja na kumwosha, na mimi nisingelishika bomba. Hakusema kwa hasira.

Bomba langu linamwaga kama mvua, Nuriat. Halijui kuandika majina ya watu.

Barua yako ya msamaha nimeirudisha humu kwenye bahasha. Nimeisoma tena, na fungu langu nimelichukua, kwa sababu dawa nilipuliza mimi na daktari nilimdanganya mimi, hilo halibadiliki. Lililobaki si la kwangu. Nimekaa nalo mwezi mzima, na lilikuwa zito.

Rwekaza


Kibeta
13 Aprili 2025

Tata Rwekaza, shikamoo.

Hukuandika "baba yako" pale chini. Niliangalia hapo kwanza.

Nilimpaka piko usiku wa kuamkia harusi. Yasmin hakuniomba, Haruni hakuniomba, niliwaza mwenyewe kwamba Shani kwa rangi ile ya chai ya maziwa maua yatamkaa vizuri, na hakuna mpambaji Bukoba aliyewahi kufanya hivyo. Bibi harusi yeyote, Tata, hata awe amepaka piko mara ngapi, mimi namtia tone nyuma ya sikio na kumwambia arudi kesho. Nimewakataa mabibi harusi wakalia. Shani sikumtia tone. Nilianza na ua.

Asubuhi yake tukiwa njiani alianza kutingisha ngozi. Kisha akajibana kwenye ukuta wa duka akajisugua, Haruni karibu aanguke, watu wakashangilia wakadhani farasi anacheza ngoma. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika hatamu. Nilijua. Mikono yangu imewaona wengi waliovimba kwa piko, najua mtu anavyofanya inapoanza kuwaka. Ningemsimamisha, nikamwomba Haruni ashuke, nikaomba ndoo ya maji kwenye lile lile duka. Simu zote zilikuwa juu zinapiga picha. Nilivuta hatamu nikamwambia twende.

Jioni nilimsugua kwa limau na sabuni ya unga, kama tunavyotoa hina, juu ya malengelenge. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa farasi. Rangi ikapauka, ndiyo ule ukijivu wako. Ndipo nikatafuta blanketi ili Faruku asione vidonda.

Daktari aliponipigia nilisema hakuna. Kama wewe. Lakini wewe siku ya pili ulikwenda kwa miguu ukasema, mimi nikaenda kupika futari.

Na bado kuna moja ambalo unalijua na hukulitaja. Mimi ndiye niliyekuandikia umfanyie kama unavyowafanyia ng'ombe wako. Niliandika vile ili uache kuniuliza maswali. Barua hiyo unayo. Ulipoandika ya kuomba msamaha ungeweza kuniambia, si wewe uliyesema? Hukusema. Ulibeba na hilo, mimi nikakujibu kwamba nimekusamehe kwa moyo mweupe. Nimeirudia sentensi hiyo kwenye ile barua uliyorudisha, nikaona haya peke yangu chumbani.

Sikuombi chochote kwenye karatasi. Jumamosi nakuja kwa basi.

Nuriat


Muleba
20 Mei 2025

Mwanangu Nuriat,

Marahaba, na za huko Kibeta.

Kokugonza anasema sijakuandikia tangu uanze kuja, nami nikamwambia nimwandikie nini mtu ninayemwona kila Jumamosi. Lakini kuna mambo ambayo mbele yako siyasemi vizuri. Wewe unanipigia kelele sikioni na mimi najifanya nimesikia, na mwisho tunabaki kucheka tu.

Siku ile ya kwanza nilikuona. Uliinua mkono kumgusa, na ngozi yake ikatetemeka kabla hujamfikia, akarudi nyuma mpaka kwenye kona. Ulikwenda ukanawa kwa sabuni, ukanawa kwa majivu, ukarudi, akafanya vile vile. Kokugonza alitaka kukuita ule, nikamzuia. Ulikaa chini nje ya uzio mpaka basi la jioni, na mimi nilijifanya nachambua kahawa ili usijue kwamba nakutazama. Kama ni kitu chochote kwako, siku hiyo ndiyo niliyoacha kukasirika.

Umeacha piko, Faruku ameniambia, na wateja wamekununia. Jumamosi iliyopita Shani alikula majani mkononi mwako. Alinusa kwanza muda mrefu, ukawa umefumba macho, kwa hiyo huenda hukuona kwamba hakutetemeka.

Sasa nije kwenye swali uliloniachia. Nywele zimeota, na kama Nancy alivyotabiri, pale palipoungua zimeota nyeupe. Hazitarudi rangi yake. Maua yote mawili yapo, Y ipo na H ipo, zinaonekana kutoka barabarani, na ataishi nazo mpaka mwisho wake. Uliniuliza kama naweza kumwomba Nancy rangi ya salama ya kuzifunika kabla ya Idd Kubwa, ili watoto wasiogope. Niliposikia swali hilo nilijifanya masikio yamekataa kabisa. Yalisikia.

Hakuna atakayempaka Shani kitu chochote. Nancy amesema tandiko lenyewe lisigusane na mbavu kwa sasa, watoto wapande juu ya mto mwembamba wa pamba, mmoja mmoja, na akionyesha kuchoka mnasimama. Faruku atamleta siku mbili kabla, bila blanketi. Na mimi nitapanda mbele na Faruku, nimeshamwambia Kokugonza anioshee koti.

Pale ufukweni hatamu utashika wewe. Watoto hawataogopa, watoto wanapenda maua. Watakuuliza nani kamchora. Usiwaambie ni nzi.

Baba yako,
Rwekaza